Nilikuwa Nachelewa Msimu Mmoja

Wiki ya tatu tangu mvua zikatike, mkojo wa mbwa wangu Jabali ulitoka mwekundu wa kuelekea weusi, kama kahawa iliyokolea. Nilikuwa nimesimama uani nikimsubiri amalize haja yake ili nimpe chakula. Nilipoiona ile rangi juu ya majani, magoti yaliniisha nguvu. Siku mbili nyuma alikuwa amekiacha chakula nusu, nikasema moyoni ni joto limeanza kurudi. Usiku wake hakulala mlangoni kama ilivyo desturi yake, alijivuta hadi kwenye sakafu ya baridi ya stoo, na hilo nalo nikaliona nikalipita.

Daktari wa mifugo alimfunua mdomo, akanionyesha fizi. Zilikuwa zimepauka, na weupe wa macho ulikuwa na umanjano kwa mbali. Akampima joto: nyuzi 40.8, wakati mbwa mzima hukaa kati ya 38 na 39 na kidogo. Kisha akaanza kumpapasa nyuma ya masikio, chini ya mkia, katikati ya vidole vya miguu. Kila alipopapasa alitoa kupe. Nilihesabu 11, halafu sikutaka kuhesabu tena.

"Dada, dawa ya kupe umemwekea lini mara ya mwisho?"

"Nilikuwa nasubiri mvua ziishe, Daktari. Niliona nikiweka itaoshwa."

"Hapana, dada. Unyevu na joto vikikutana ndipo kupe wanapoongezeka. Dawa ilitakiwa iwe mwilini mwake mvua haijaanza."

Chini ya hadubini, tone la damu ya Jabali lilikuwa na vijidudu vya babesia ndani ya chembe nyekundu, viwili viwili, kama matone ya machozi yaliyogusana ncha. Vijidudu hivyo huingizwa na kupe anapofyonza damu, kisha hupasua chembe zile kutoka ndani. Fizi hupauka kwa sababu damu inapungua, na mkojo hubadilika rangi kwa sababu kilichopasuka lazima kitoke. Jabali alilazwa siku 4. Aliongezewa damu ya mbwa mwingine, akachomwa sindano, na siku ya tano alinyanyua mkia aliponiona. Nililia pale pale kwenye benchi la kusubiria, watu wakinitazama.

Miaka 9 imepita tangu siku ile. Jabali yuko hai, nami nimefuga wanyama wengine wawili pamoja naye: Kaniki, paka dume mweusi kama jina lake, na Kipusa, mbwa jike mdogo mwenye uso bapa. Nimeuguza wote watatu. Baada ya Jabali kupona nilianza kuandika kila jambo kwenye daftari: siku ya dawa, siku ya chanjo, uzito, chakula kilichobaki bakulini. Niliporudi kulisoma baada ya mwaka wa pili niliona kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia waziwazi. Karibu kila ugonjwa nilioupa jina la msimu fulani ulikuwa umeanza msimu uliotangulia. Mimi nilikuwa nafika na dawa wakati mgonjwa ameshalala.

Chukua viroboto. Mwaka mmoja tulisafiri wote na wanyama kwa wiki 3 na nyumba ikafungwa. Tuliporudi, dakika chache baada ya kufungua mlango viroboto walikuwa wametujaa miguuni, sisi wenyewe, kabla hata ya wanyama. Sikuelewa. Nyumba ilikuwa tupu, walikula nini? Daktari alinieleza kwamba kiroboto mzima unayemwona kwenye manyoya ni sehemu ndogo sana, kiasi cha 5 kati ya kila 100. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na wale waliojifungia kwenye vifuko vyao, na hao wote wanakaa kwenye zulia, kwenye nyufa za sakafu, chini ya makochi, kwenye tandiko la mnyama. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 50 kwa siku. Aliye ndani ya kifuko anaweza kungoja miezi, mpaka ahisi mtikisiko wa hatua, joto la mwili na pumzi. Kurudi kwetu ndiko kulikowaamsha.

Kwa hiyo wale wa kiangazi tuliokuwa tunapigana nao walitagwa wakati wa unyevu, nilipokuwa namchana Kaniki, naona kiroboto mmoja, namwua, naridhika. Siku hizi nikimwona mmoja tu naichukulia nyumba nzima kuwa inaumwa. Natibu wanyama wote kwa siku moja, hata asiyejikuna. Matandiko yanafuliwa kwa maji ya moto sana kila wiki. Zulia na pembe za makochi nazifyonza vumbi mara kwa mara, na vumbi lile linatoka nje ya nyumba siku hiyo hiyo. Na siachi mwezi wa kwanza wanapopungua, naendelea miezi 3 mfululizo, kwa sababu waliomo vifukoni hawajatoka bado. Ukiona punje nyeupe kama za mchele karibu na haja kubwa ya paka au mbwa, hao ni vipande vya tegu, na tegu huyo humpata mnyama anapojilamba akameza kiroboto. Dawa ya minyoo peke yake haitamaliza, viroboto wakiwa bado wapo anarudi.

Hapa lazima nieleze kosa ninaloliona vibaya kuliko yote. Katika vita ile ya viroboto nilikuwa na dawa ya matone ya mbwa iliyobaki, nikampaka Kaniki kidogo shingoni, nikidhani kipimo kikipungua kinatosha kwa paka. Ilikuwa na permethrini, sumu ya kuua wadudu. Mbwa anaivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Baada ya saa chache masikio yake yalianza kuchezacheza, halafu ngozi ya mgongo, halafu mwili wote ukawa unatetemeka asiweze kusimama. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo huku namwomba asife, nikamkimbiza. Alikaa kwa daktari siku mbili akipewa dawa za kutuliza mitetemeko. Tangu hapo naisoma karatasi ya dawa neno kwa neno, na kama mbwa amepakwa dawa ya aina hiyo, paka halali naye mpaka ikauke kabisa. Nakuomba wewe unayesoma, kama una paka na mbwa nyumba moja, nenda kaangalie kabati lako leo.

Kuhusu kupe nimebaki na desturi ya kila jioni. Napitisha vidole mwilini mwa mbwa kuanzia kichwani: ndani ya masikio, chini ya ukanda wa shingo, kwapani, kinenani, kati ya vidole. Ninayempata namshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, navuta moja kwa moja bila kupinda wala kumminya, namtumbukiza kwenye spiriti. Kumchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta kama nilivyofanya zamani kunamchokoza, na kupe aliyechokozwa anaweza kutapika ndani ya jeraha vijidudu vile vile unavyoviogopa. Jike aliyeshiba huanguka na kutaga maelfu ya mayai kwenye ufa wa ukuta. Ndiyo maana kibanda cha Jabali kilizibwa nyufa zote na majani ya kukizunguka hukatwa mafupi mvua zinapokaribia.

Mvua yenyewe ina jambo jingine ambalo linanifanya nisistahimili kuona bakuli la maji limeachwa nje usiku. Panya hukojoa. Mkojo wao unaweza kubeba bakteria wa leptospira, ambao hukaa kwenye maji yaliyotuama na udongo chepechepe kwa muda mrefu, na huingia mwilini kupitia jeraha, mdomo, macho. Ndiyo ile wengine wanaiita homa ya mgunda. Humkamata mbwa, hushambulia figo na ini, na kutoka kwa mbwa inaweza kumpata mwenye mbwa. Chanjo ipo. Lakini mbwa asiyewahi kuchanjwa anahitaji dozi mbili, zikipishana wiki 2 hadi 4, halafu moja kila mwaka. Piga hesabu mwenyewe: ukianza siku ya ngurumo ya kwanza, mvua itakuwa imefika katikati kabla mwili wa mbwa haujajiandaa. Mimi naianza jua likiwa bado linawaka.

Mbu nao wana hesabu yao. Mbu mwenye vimelea vya minyoo ya moyo akimuuma mbwa leo, itachukua kama miezi 6 ndipo mnyoo akue na kukaa kwenye mishipa ya mapafu na moyo. Mbwa wa rafiki yangu alianza kukohoa na kuchoka upesi katikati ya ukame, wakati hata mbu mmoja haonekani, na kila mtu akasema ni vumbi. Dawa ya kila mwezi inaua viluwiluwi walioingia mwezi uliopita, haimzuii mbu kuuma. Kwa hiyo kuiacha mbu wanapotoweka ni kuwaachia nafasi wale wa mwisho walioingia.

Joto liliniumiza kwa Kipusa.

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Njia yake kubwa ya kupoa ni kutweta, hewa ipite juu ya ulimi na njia za pua zilizolowa. Mbwa mwenye uso bapa kama Kipusa ana njia fupi na nyembamba, kwa hiyo anatweta sana na anapoa kidogo. Hayo niliyajua. Nisichojua ni kwamba siku za hatari zaidi ni zile za mwanzo joto linapoingia, mwili ukiwa bado haujazoea. Katikati ya msimu wa joto mimi ni mwangalifu, natoka alfajiri. Siku ile ilikuwa ya kwanza yenye jua kali baada ya majuma ya mawingu, sote tulifurahi, tukatoka saa 3 asubuhi. Kipusa alikimbia, akacheza, akakataa kurudi. Njiani akaanza kukoroma, ulimi umekuwa mpana na mwekundu sana, mate mazito kama ute. Akatembea kama mlevi, akalala barabarani.

Kilichomwokoa ni bomba la maji lililokuwa karibu na mzee mmoja aliyekuja mbio. "Usimfunike, mwanangu, mwagie!" aliniambia nilipotaka kumviringisha khanga yangu iliyolowa. Alikuwa sahihi. Kitambaa kilicholowa kikikaa juu ya mwili hushika joto lisitoke. Tulimmwagia maji ya bomba mwili mzima huku yeye akimpepea kwa kipande cha boksi, kwa dakika kama 10, ndipo nikamkimbiza kwa daktari. Joto lake alipopimwa, baada ya maji yote yale, lilikuwa bado nyuzi 41. Daktari alisema ningeanza na safari nikayaacha maji, asingefika. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye, na kupoza kunasimama joto likishuka hadi nyuzi 39.5 hivi, lisije likaporomoka kupita kiasi.

Tangu hapo, mawingu yakianza kufunguka nawapunguzia matembezi hata kama siku inaonekana nzuri, kisha naongeza taratibu kwa wiki kadhaa. Naweka mgongo wa kiganja juu ya lami. Kama siwezi kuvumilia sekunde 7, nyayo zao hazitembei hapo. Kwenye gari lililoegeshwa hawabaki hata dakika moja bila mtu. Nje kukiwa na nyuzi 21 tu, siku ambayo unaweza kuvaa sweta, ndani ya gari kunafika kama 31 kwa dakika 10 na 40 kwa nusu saa, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Na manyoya mazito ya Jabali sinyoi tena. Niliwahi kumnyoa nikidhani namhurumia. Yalirudi kwa viraka, na jua lilimchoma ngozi ya mgongo. Kumchana kila siku wakati wa kupukutisha manyoya, ili manyoya mafu ya chini yatoke na hewa ipite, ndiko kunakompoza.

Baridi niliidharau. Niliona ni msimu wa mapumziko, kupe wachache, mbu hakuna. Kisha usiku mmoja Kaniki aliingia kwenye sanduku lake la mchanga, akachuchumaa, akatoka bila kitu. Akarudi. Akajilamba chini. Akarudi tena, safari hii akitoa mlio mwembamba ambao sikuwahi kuusikia. Nilidhani amefunga choo. Nilimpa mafuta kidogo kwenye chakula nikalala. Asubuhi alikuwa amejikunja nyuma ya kabati, anatapika.

Kibofu chake kilikuwa kimejaa, kigumu kama chungwa bichi. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, na ute uliochanganyika na chembe za fuwele unaweza kuiziba kabisa. Mkojo ukishindwa kutoka, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo huvurugika, na paka anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ule usiku niliolala ulikuwa nusu ya muda wake. Daktari alimlaza kwa dawa, akapitisha mrija, na alichonieleza wakati tunasubiri ndicho kilichonirudisha kwenye daftari.

"Paka asili yake ni nchi kame," aliniambia. "Kiu yake ni ndogo. Baridi ikiingia hunywa kidogo zaidi, anashinda amelala penye joto, anakaa na mkojo muda mrefu. Na wewe unampa chakula kikavu."

Nilifungua daftari. Uzito wa Kaniki ulikuwa umepanda karibu nusu kilo tangu joto liishe, na mahali pa kuandika mabonge ya mchanga uliolowa mkojo ninayochota kila asubuhi palionyesha yalitoka matatu hadi mawili, halafu moja. Majuma 6 ya dalili, kwa mwandiko wangu mwenyewe! Sasa, siku zinapoanza kupoa, nambadilishia chakula kiwe cha majimaji, naongeza mabakuli ya maji yawe matatu, mbali na chakula na mbali na sanduku, na namchezesha kamba asubuhi na jioni hata kama hataki kutoka penye joto. Paka dume anayechuchumaa bila kutoa mkojo hasubiri asubuhi. Ni dharura saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Jabali mwenyewe baridi humjia kwenye nyonga. Miaka 3 iliyopita alianza kuchelewa kuinuka, na jirani akanishauri, kwa nia njema kabisa, nimpe vidonge vyangu vya maumivu. Namshukuru Mungu nilipiga simu kwanza. Ibuprofeni huchoma tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na parasetamoli, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua paka. Alipewa dawa ya mbwa, kwa kipimo chake, baada ya damu yake kupimwa. Lakini kilichompa nafuu kubwa zaidi ni kupunguza kilo 4 pole pole wakati wa joto, alipokuwa bado anatembea vizuri, na tandiko nene lililoinuliwa kutoka sakafuni. Nikianza kumpunguza baridi ikiwa imeshafika, maumivu yanamzuia kutembea, na asipotembea uzito hautoki.

Mambo mengine madogo nitayataja kwa haraka. Mbwa mwenye masikio yaliyolala akaushwe ndani ya masikio kila anaponyeshewa, unyevu ukibaki huota fangasi na harufu yake utaijua. Wakati wa baridi piga boneti ya gari kabla ya kuwasha, paka hupenda joto la injini. Na chanjo ya kichaa cha mbwa haina msimu, hiyo ifuate tarehe ya kadi.

Jabali ana miaka 13 sasa. Jana jioni nilimketisha kwenye ngazi, nikagawanya manyoya kati ya mabega mpaka nikaiona ngozi, nikamdondoshea dawa ya kupe. Anga lilikuwa halina hata wingu, majani ya uani yamekauka yanavunjika ukiyakanyaga. Niliandika tarehe. Halafu nilimpapasa masikio, kwapa, vidole, kimoja kimoja, sikukuta kitu. Aliinuka taratibu, akajinyoosha miguu ya nyuma, akaenda kulala mlangoni.